Mdudu Iko na Sindano

Mwaka ule nilishindwa kukaa. Chai niliinywa nimesimama, barua niliziandika nimeegemea kabati, na hata kanisani nilichagua benchi la nyuma ili nipate kutoka nje kila baada ya dakika chache kana kwamba kuna mtu ameniita. Mama aliniuliza kama viti vyake vina kunguni. Nilimjibu kwamba mwili umechoka kukaa. Akasema mwili unaochoka kukaa hajawahi kuuona, labda huo ni wa kisomo.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Nilikuwa na digrii ya biokemia kutoka Nairobi, na kazi ambayo haikuwa na haja nayo hata kidogo: kupima kinyesi na makohozi katika zahanati moja ndogo karibu na Nyaramba. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, kazi za serikali zimekauka, na wenzangu niliosoma nao walikuwa wakiuza mitumba. Kwa hiyo niliambiwa nishukuru. Nilishukuru, lakini huku nimekaza meno. Maabara yangu ilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya mahindi. Darubini yenyewe ilitegemea kioo na jua, na mawingu ya saa nane yakishapanda, ambayo kwetu hayakosi, kazi ilikuwa imekwisha hata kama watu kumi bado wamekaa nje na viberiti vyao mikononi. Ndiyo, viberiti. Kinyesi kililetwa ndani ya kasha la kiberiti lililofungwa uzi, na wengine walinisukumia kasha lile chini chini kama mtu anayetoa hongo.

Nilichotaka mimi ni kwenda zangu. Nilikuwa nimekiandikia chuo kimoja cha ng'ambo, na mwalimu wangu wa zamani alikuwa amenisaidia kuandika. Nilitaka kusomea umbo la protini, na si protini yoyote tu, bali zile ambazo bakteria huzitumia kutoa vitu vyao nje. Bakteria ana kuta mbili. Akitaka kutoa kitu alichokitengeneza ndani, lazima awe na njia, na njia hiyo huijenga kwa protini. Nilipomweleza mjomba wangu hayo, aliniuliza, "Sasa wewe umesoma miaka hiyo yote ndio ujue vile mdudu hutema mate?" Ilikuwa hivyo hasa, na mpaka leo sijapata maelezo mafupi yanayoyashinda hayo. Wakati ule nilikasirika nikaondoka bila kumaliza chakula.

Siku moja nilikuta bahasha ya kaki katika sanduku letu la posta huko Kebirigo. Ilitoka kwa mwalimu wangu. Ndani mlikuwa na nakala ya makala kutoka jarida la kisayansi, na katika ukurasa wa pili palikuwa na picha iliyopigwa kwa darubini ya elektroni. Ilikuwa imefifia, rangi ya kijivu tupu, lakini niliiona mara moja. Vitu vidogo vingi, kila kimoja na kitako cha pete mbili mbili, na juu ya kitako mrija mwembamba ulionyooka. Sindano! Kijidudu, jamaa wa karibu wa yule wa homa ya matumbo, alikuwa na sindano zimemchomoza mwilini. Na mwalimu alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu kwamba yule wa kuhara damu, ambaye mimi nilikuwa nikipambana naye kila siku kwa kioo na jua, anazo kama hizo. Nilisoma nikitembea. Nilipita lango la kwetu bila kujua, nikashtuka niko mtoni.

Nisiposema kwa nini picha ile ilinitia wazimu, mtu ataniona mjinga. Mama alikuwa akifuma sweta za shule kwa mkono, sweta za kijani, na mimi nimekua nikitazama uzi ukigeuka kuwa kifua na mikono. Protini ni uzi mmoja mrefu. Umeungwa kwa vipande vya aina ishirini tu, na mpangilio wa vipande hivyo ndio unaoamua uzi utajikunja vipi, na ukishajikunja, umbo lake ndiyo kazi yake. Ukijikunja vibaya, huna kitu. Hayo nilikuwa nayajua tangu chuoni. Lililonitoa kitini ni tundu la ile sindano. Tundu lilikuwa jembamba mno kuliko protini iliyokwisha kujikunja. Sasa inapitaje? Wataalamu walikuwa wakikisia kwamba inafumuliwa kwanza, inapita ikiwa uzi, halafu inajifuma upya upande wa pili, ndani ya mwili wa mtu. Nilichukua uzi wa mama nikaupitisha kwenye ganda la kalamu ya biki. Ukapita. Nikachukua mkono wa sweta aliokuwa ameumaliza nikamwonyesha kwamba huo haupiti.

"Fumua huo mkono," mama alisema bila kuinua macho, "na mimi nikufumue wewe."

Nilikwenda Kisii mjini kutoa nakala zaidi, maana ile moja ilikuwa imeanza kuchanika kwa kukunjuliwa. Kulikuwa na duka la vitabu na karatasi la familia moja ya Kihindi, na mama mwenye duka ndiye aliyeisimamia mashine ya nakala, hakumwamini mtu mwingine nayo. Aliishika ile picha kwa mbali, akaivalia miwani.

"Hii nini? Iko kama bolti."

Nikamweleza. Nilimweleza nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja halafu mwingine, nikimwonyesha pete, mrija, tundu, nikamwambia ni kitu kizuri ajabu, hakuna fundi duniani angeweza kukichonga, nacho kinajijenga chenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akabonyeza kitufe cha mashine na kusema, "Mtoto nakufa na hii kuhara, na wewe nafurahi hivi?" Nilimwona ni mwanamke asiyeelewa sayansi, nikachukua karatasi zangu nikatoka.

Kila asubuhi, kabla dirisha la kadi halijafunguliwa, zahanati yetu ilikuwa na mafundisho ya afya. Mmoja wetu alisimama mbele ya mabenchi akasema yale yale ya siku zote: choo, maji ya kuchemsha, kunawa mikono. Tulisema kwa Kiswahili kwa sababu ya akina mama wa Kikipsigis waliovuka mpaka kuja kutibiwa kwetu, na kwa sababu daktari alitoka Taita na Ekegusii chake kiliishia kwenye salamu. Hakuwa daktari hasa, alikuwa klinikal ofisa, lakini nani huko angemwita hivyo. Kwa watu wa kwetu Kiswahili kilikuwa nguo ya kutokea, unaivaa ukienda mjini au kwa mkubwa, unaivua ukifika nyumbani. Waliposikia "choo, maji, mikono" walisinzia na watoto wao mapajani.

Majuma yale kuhara damu kulikuwa kumeshika kweli kweli. Nilikuwa nikifungua viberiti na kuona wekundu kabla hata ya kuweka kitu kwenye kioo. Zamu yangu ya mafundisho ikafika siku mbili baada ya safari ya Kisii, na kichwani sikuwa na choo wala maji. Nilikuwa na sindano.

Nilianza kwa Kiswahili cha shule. "Kijidudu hiki kina sindano," nikasema. Hakuna aliyetikisika. Hizo ki-ki zilipita juu ya vichwa vyao kama ndege. Basi nikajishusha, nikasema kama mtu wa sokoni.

"Mdudu iko na sindano."

Vichwa vikainuka. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kufundisha ambaye hajui utamu wa vichwa vikiinuka. Nikachukua chaki nikachora. Mdudu moja iko na sindano mingi, nikasema, na wadudu yenyewe haihesabiki. Inafika kwa ukuta ya tumbo, inadunga, inasukuma sumu ndani. Ukuta inalegea, inafungulia mdudu mlango. Inaingia, inazaa, watoto yake inadunga nyumba ya jirani. Mwanamke mmoja alipiga ukelele mdogo. Mwingine, mtu mzima mwenye shuka la kijani, akauliza, "Na inadunga mtoto saa gani?"

"Saa yote, mama. Hata saa hii tukiongea."

Shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, alikuwa benchi la mbele. Alikuwa amemleta binti yake wa miaka mitatu kupimwa uzito. Yule mtoto alinipenda kwa sababu ya makasha ya kiberiti. Nilikuwa nikimpelekea yale safi, ambayo hayajatumika, naye akiyapanga uani akisema ni ng'ombe. Siku ile alinipungia mkono nikiwa katikati ya kuchora. Mama yake alimshika mkono akamtuliza, akaendelea kunitazama kwa macho makubwa, na nilijua kwamba jioni angewasimulia watu jinsi shemeji yake anavyoongea. Nilijiona mtu. Nilikuwa tayari nimerudi maabara ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwaambia wanawe mikono.

Baada ya siku nne hivi daktari aliniita. Alikuwa amesimama katika chumba cha sindano, na chumba kilikuwa kitupu.

"Kwani umeambia hawa watu nini?"

"Kuhusu nini?"

"Vidonge wanakubali. Maji ya chumvi na sukari wanakubali. Lakini mtoto akitapika kila kitu, nikisema huyu ni wa sindano, ama ni wa dripu, mama anafunga leso anaenda. Leo wameenda watatu. Nikiuliza, wananiambia niulize mtu wa maabara."

Nilitoka nje nikamkuta yule mama wa shuka la kijani. Nilimuuliza kwa Ekegusii, naye akanijibu kwa Kiswahili, kwa heshima, kama mtu anayemrudishia mwalimu maneno yake. "Si wewe ulisema? Sindano iko na mdudu."

Nakiri, kitu cha kwanza nilichofanya ni kucheka. Nilicheka kwa raha. Sentensi ilikuwa imegeuzwa kama chapati. Ningesema "kijidudu kina sindano" na watu wawe na sikio la Kiswahili, hakuna ambaye angeweza kuigeuza, kwa sababu ile "ki" ya kijidudu ingemshika mwenye mali asimwachie. Lakini kwa hiki Kiswahili chetu cha "iko na", mwenye mali na mali yake wanabadilishana viti bila kelele. Mdudu iko na sindano, sindano iko na mdudu. Na sindano ilikuwa na jina baya tayari, kwa sababu ya ukimwi, kwa sababu ya wale watu waliotembea vijijini na bomba moja la sindano mfukoni wakidunga kila mwenye homa. Niliwaletea watu hofu yao wenyewe nikawaambia imeonekana kwa mashine.

Kucheka kulipokwisha nilikasirika, na kama kawaida yangu niliwakasirikia wao. Kesho yake asubuhi nilisimama mbele ya mabenchi nikasahihisha. Niliwaimbisha kama darasa la nne. "Mdudu iko na sindano!" Wakaitikia. "Sindano haiko na mdudu!" Wakaitikia. Tukarudia mara tatu, Wagusii na Wakipsigis pamoja, daktari akiwa mlangoni amekunja mikono. Mchana akadunga watoto wawili. Nilihesabu jambo lile kuwa limekwisha. Shemeji yangu hakuwapo asubuhi hiyo, na sikufikiria kwenda kumwimbisha nyumbani kwake.

Nyumba yake na ya mama, ambamo nilikuwa nikilala, zilitenganishwa na migomba tu. Kaka alikuwa akifanya kazi katika mashamba ya chai Kericho, akija mwisho wa mwezi. Ningeweza kupita pale kila siku. Lakini juma lile fomu za chuo zilikuwa zimefika, nami nilikuwa mbio: leo Kebirigo kutazama posta, kesho Kisii kupiga picha za pasipoti, kesho kutwa Keroka kwa wakili wa kugonga muhuri vyeti. Nilipita kati ya migomba ile asubuhi na jioni, haraka haraka, na mara moja nilisikia mtoto akilia ndani. Nilidhani amenyimwa kitu.

Nilirudi kutoka Keroka siku ya Ijumaa, saa nne za asubuhi, nikamkuta mama amesimama uani. Mama hakuwa mtu wa kusimama.

"Mtoto wa kaka yako anahara damu," alisema. "Leo siku ya tatu. Mama yake alinificha. Anampa uji na maji ya majani, vyote vinarudi."

"Kwa nini hajampeleka?"

"Muulize. Mimi ananiambia eti ni wewe."

Nilipita migombani nikikimbia. Mtoto alikuwa amelazwa juu ya shuka iliyokunjwa karibu na mlango ili apate hewa. Macho yalikuwa yamezama. Nilimfinya ngozi ya tumbo, kama nilivyomwona daktari akifanya, na ile ngozi ikabaki imesimama vile nilivyoiacha. Akakunja miguu, akashika tumbo, akalia bila machozi. Shemeji alikuwa amepiga magoti kando yake.

"Tumpeleke," nikasema. "Sasa hivi. Huyu anataka dripu."

"Dripu ni sindano," akasema.

"Ndiyo, ni sindano."

"Hapana, shemeji."

Sasa hapa ndipo ninapotaka kujishika mdomo, lakini nilisema, na nitaandika nilivyosema. Nilimfundisha. Nilisimama mlangoni mwa nyumba ya kaka yangu, mtoto amelala miguuni pangu amekauka, nikamweleza mama yake sarufi. Nikamwambia watu wamegeuza maneno. Nikamwambia mwenye sindano ni mdudu, si kwamba sindano ina mdudu. Sindano ya daktari ni safi, inatoka kwenye karatasi yake haijaguswa na mtu. Nilisema kwa Ekegusii, nikarudia kwa Kiswahili. Nilikuwa natembea huku na huku. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Yeye hakujibu hata neno, alikuwa akimpepea mtoto kwa ncha ya leso na kunitazama, na mimi nikaona kule kunyamaza ni kutoelewa, nikaanza tena mwanzo.

Mama ndiye aliyekatiza. Aliingia, akainama, akambeba mtoto akatoka naye. Hakumwomba mtu ruhusa. Shemeji akasimama akamfuata, nami nikawapita nikampokea mama mtoto, tukashuka njia ya zahanati, mimi nikikimbia mbele. Hakuwa na uzito wowote. Alikuwa na joto, na kichwa chake kiligonga gonga bega langu, na nilikuwa nikimwambia mambo, sikumbuki mambo gani.

Daktari alijaribu mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Mishipa ilikuwa imelala. Akajaribu mguu. Kila alipochoma, shemeji aligeuza uso ukutani, na mara ya nne akatoka nje kabisa. Mara ya sita, kichwani juu ya sikio, damu ikarudi kwenye mrija na daktari akasema "Asante Yesu" kwa sauti ya mtu aliyechoka. Maji yakaanza kushuka. Tulimtuma mtu kutafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa. Nilisimama karibu na chupa nikihesabu matone, na nilikuwa nimeanza kuona kama midomo yake inapata unyevu. Alipata degedege kabla gari halijafika. Daktari alifanya yote aliyoweza kufanya pale, nami nilishika miguu ya mtoto kama nilivyoagizwa, mpaka daktari akaacha na kuniambia naweza kuiachia.

Tulimzika Jumapili kando ya shamba letu la chai. Kaka alifika kutoka Kericho akiwa bado na koti la kazini, akaniuliza ilikuwaje, nikamweleza. Nilimweleza ile sentensi. Nilimweleza mama pia, na mjomba, na mchungaji, na daktari ambaye hakuwa ameuliza. Kila aliyetoa pole alipewa somo: walisikia vibaya, waliigeuza, ni hiki Kiswahili chetu, tungekuwa tunafundishwa vizuri mtoto yule angekuwa hai. Nilikuwa nikisema na mikono, huyu hapa, na huyu hapa, wamebadilishana viti. Watu walitikisa vichwa. Wengine walisema kweli, lugha ni shida. Nilijua ninalofanya. Nilikuwa natafuta mahali pa kuutua mzigo ambao sikuweza kuusimamia, na sarufi haikukataa kubebeshwa. Hata hivyo sikuweza kukaa. Usiku sijui, lakini mchana nilitembea mpaka viatu vikatoboka, na kazini nilipofungua kiberiti chenye wekundu nililazimika kukiweka chini kwanza.

Barua ya chuo ilifika miezi mitatu baadaye. Nilikubaliwa. Nilikuwa nimeiomba barua hiyo kwa Mungu kwa jina lake, na nilipoisoma nilihisi jambo moja tu, kwamba nitaondoka hapa. Nilianza kuaga. Nilimuaga daktari, nikawaaga wa mjini, nikamuaga mjomba aliyeniambia niwasalimu wadudu wa Wazungu. Shemeji nilimweka mwisho. Tangu mazishi hatukuwa tumebaki peke yetu wawili; nikimwona njiani nilikumbuka kitu nilichosahau nyumbani.

Nilimkuta akichuma chai, kapu mgongoni, amefika katikati ya mstari. Ilikuwa asubuhi, umande bado haujakauka, na leso aliyojifunga kiunoni ilikuwa imelowa. Alisema amesikia habari njema. Alisema kaka amefurahi. Vidole vyake havikuacha kuchuma, jani na jani na chipukizi, vikitupa nyuma juu ya bega bila yeye kutazama. Nilisimama mstari wa pili, chai katikati yetu, na nilianza kuongea. Nilimwambia nimebeba jambo moja na siwezi kuondoka nalo. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, nilipaswa kusema vizuri zaidi, kwa Ekegusii, kwa maneno ambayo hayageuziki. Si kosa lake. Mtu yeyote angesikia alivyosikia yeye.

Aliacha kuchuma.

"Nilisikia vipi?"

"Kwamba sindano ina mdudu."

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Shemeji," akasema, "mimi nilikuwa benchi la mbele." Aliongea Ekegusii, polepole, isipokuwa maneno yale manne, ambayo aliyasema kwa Kiswahili kama nilivyoyasema mimi. "'Mdudu iko na sindano.' Hao wengine ndio waligeuza, wakirudi nyumbani. Walinijia na hiyo yao nikawaambia hapana, shemeji yangu hakusema hivyo. Nilisikia vizuri."

"Basi kwa nini?"

Aliinama akatoa jani lililokwama kwenye leso. "Ulisema wadudu hawahesabiki. Ukasema kila mmoja ana sindano nyingi, na wanadunga saa zote. Alipoanza kushika tumbo na kulia nikawa naziona. Usiku na mchana nilikuwa naziona. Nikasema huyu mtoto amedungwa, amedungwa, hana hata upande mzima wa kulalia. Nilikuwa mama yake. Ningempeleka vipi aongezwe nyingine?"

Kisha akarekebisha mkanda wa kapu kichwani, akaendelea na mstari wake. Nilibaki pale, umande ukiniingia viatuni. Hakuwa amegeuza hata neno. Sikuwa na cha kusahihisha.